Bakshishi Isiyoandikwa

Kila Jumapili, akishatoka kanisani na kuvua viatu, Twyla Hensley aliketi kwenye meza ya jikoni, akavaa miwani na kujibu maswali ya jimbo la Ohio kwenye simu yake. Wiki hii uliweza kufanya kazi? Ndiyo. Ulikuwa tayari kufanya kazi? Ndiyo. Ulikataa kazi yoyote uliyopewa? Hapana. Maswali yalikuwa yale yale kwa zaidi ya mwaka mzima, na Twyla aliyajibu kwa uangalifu ule ule, maana mtu akibonyeza vibaya mahali pamoja tu mafao yake ya kukosa kazi husimama, na kuyafungulia tena ni kushika simu asubuhi nzima huku ukichezewa muziki.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amehudumia meza katika mgahawa wa Delmar Pickens, pale mjini Haskell kando ya mto. Mayai asubuhi, mkate wa nyama mchana, pai wakati wote. Twyla aliweza kubeba sahani nne kwa mkono mmoja, birika la kahawa kwa mwingine, na bado akafungua mlango wa jikoni kwa nyonga. Alijua nani hataki kitunguu, nani amegombana na mkewe, na nani ataagiza pai halafu aseme daktari amemkataza.

Halafu, Machi ya mwaka 2020, gavana akafunga migahawa kwa ajili ya korona, na Delmar akawatumia wahudumu wake wanne ujumbe mmoja wa simu: Tumefunga. Nendeni mkachukue mafao. Mungu awabariki. Twyla aliusoma mara tatu akitafuta jina lake mle ndani. Halikuwemo.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi wa Haskell hawapendi kulisikia, na Twyla mwenyewe aliliona aibu kulitamka. Miezi kumi na mitano iliyofuata ilikuwa miepesi kuliko yote tangu aolewe na tangu aachike. Watu walikuwa wanakufa. Mzee Clell Rudd, aliyekula mayai yake pale meza ya nane kila siku ya Mungu, alikufa peke yake hospitali. Twyla alimlilia. Lakini juu ya mafao ya jimbo kulikuwa na nyongeza ya serikali kuu, mwanzo dola mia sita kwa wiki, baadaye mia tatu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alijua Jumatatu kwamba Ijumaa atakuwa na nini. Alilipa kodi ya kiwanja ilipokaa nyumba yake ya bati bila kumwomba mtu amvumilie siku mbili. Magoti yake yaliacha kuvimba. Akaenda kwa daktari wa meno na kuzibwa lile pengo la mbele alilokuwa akilifunika kwa kiganja kila alipocheka, na tangu siku hiyo akawa anacheka ovyo, hata mahali pasipochekesha.

Mwezi Mei wa mwaka 2021 gavana akatangaza mambo mawili kwa pamoja. Nyongeza ya dola mia tatu itakoma tarehe ishirini na sita Juni. Na kuanzia sasa, kila anayechukua mafao aonyeshe kwamba wiki hiyo ametafuta kazi mahali pawili, la sivyo asilipwe. Wenye biashara wakapiga makofi. Delmar akaubandika mlangoni kwake ubao aliouandika kwa mkono, kwa herufi kubwa: HAKUNA ANAYETAKA KUFANYA KAZI SIKU HIZI. TUVUMILIENI. WASHUKURUNI WALIOJITOKEZA.

Twyla alitoa barua yake ya mafao kwenye droo ili ajue bila nyongeza atabaki na nini. Dola mia moja arobaini na tisa kwa wiki. Akadhani amesoma vibaya. Akampigia Nadine Crabtree, mhudumu mwenzake wa miaka yote hiyo, mwenye meza zile zile na wateja wale wale. Nadine yeye angebaki na mia tatu na ishirini.

Hapo Twyla akaelewa, na akajisikia mjinga kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Kazi ya meza ina desturi yake. Mwenye mgahawa humlipa mhudumu kiasi kidogo kwa saa, kwa Ohio mwaka ule dola nne na senti arobaini, na sheria haina neno, kwa sababu mengine yanatazamiwa kuachwa mezani na mteja. Jioni kila mhudumu hujaza kikaratasi: leo nimepata bakshishi kiasi fulani. Haskell ni mji wa fedha taslimu, na kinachoachwa chini ya kisahani anakijua Mungu na mhudumu. Usiku wa kwanza kabisa, miaka kumi na tisa nyuma, Delmar alimwegemea Twyla begani akamwambia aandike inayotosha kufikia kima cha chini cha mshahara, basi. Zaidi ya hapo anawatajirisha watu wa kodi. Ilimfaa yeye pia, maana kila dola inayoandikwa na mwajiri naye huilipia sehemu yake. Karibu wahudumu wote waliandika hivyo. Waliona ni ujanja, wakafurahi.

Asiyeandika hivyo alikuwa Nadine peke yake. Nadine aliandika mpaka sarafu. Wenzake wakambatiza Mtakatifu Nadine, na aliyeanzisha jina hilo ni Twyla. Sasa jimbo lilipokuja kupiga hesabu ya mafao, lilichukua nusu ya kile kilichoandikwa, na kwenye karatasi Twyla Hensley alikuwa mwanamke ambaye kwa miaka kumi na tisa karibu hakuwa akifanya lolote.

Katikati ya Juni Delmar alimwita. Twyla alimkuta jikoni akimenya viazi mwenyewe, shati limemganda mgongoni. Mkewe alikuwa bado hajapata pumzi sawasawa tangu augue korona majira ya baridi, na mpishi wake alikuwa mmoja. Si mtu mbaya, Delmar. Ule ubao wake aliuandika kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililomuudhi Twyla zaidi.

"Jumatatu ya tarehe ishirini na nane, saa kumi na mbili asubuhi," Delmar alisema. "Aproni yako iko pale pale msumarini. Sijaruhusu mtu aiguse."

"Na malipo?"

"Yale yale. Hali unaijua."

"Hali ipi, Delmar? Nyama imepanda, nyanya zimepanda, pai yako imepanda dola nzima. Mimi tu ndiye sijapanda."

Delmar alicheka, maana utani wa Twyla alikuwa ameukosa kweli. Kisha akaweka kisu chini. "Dada Twyla, tusizungushane. Ile nyongeza ikikatwa unabaki na mia moja arobaini na tisa. Najua, karatasi za ofisi ya kazi zilipita mikononi mwangu. Nadine anaweza kuninunia mpaka Septemba, mafao yanapoisha. Wewe huwezi."

"Na niliandika kama ulivyonifundisha."

"Nilikufundisha," Delmar alikubali. "Lakini sikukushika mkono."

Akaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba yeye akimpa mtu kazi na mtu akaikataa, ofisi ya kazi humletea fomu ya kueleza, na yeye hatasema uongo kwenye fomu ya serikali. Twyla alitaka kumuuliza uaminifu huo ameuokota lini. Badala yake akasema atamjibu kabla ya Jumatatu hiyo. Njiani aliupita ule ubao, akaona mara hii kwamba herufi za mwisho zilikuwa zimebanwa kwa sababu nafasi iliisha.

Shida ni kwamba sehemu ya moyo wake ilitaka kurudi. Aliipenda ile kazi. Alipenda kelele za saa moja asubuhi, na namna meza nzima inavyoinua vichwa anapofika na kahawa. Kama Delmar angesema dola nane kwa saa, hata saba, angeifunga ile aproni siku hiyo hiyo. Lakini kurudi kwa nne na arobaini, baada ya mwaka mzima wa kujua Ijumaa kuna nini, chini ya ubao unaomwita mvivu, kulimshinda.

Kuhusu kutafuta kazi mahali pawili kila wiki, watu wa Haskell walishapata namna yao. Waliita kutimiza mbili. Unajaza ombi mahali ambapo mwenye akili timamu hawezi kukuchukua, unapata namba ya uthibitisho, unaiingiza kwenye simu Jumapili, umemaliza. Nadine alikuwa ameomba kazi ya kupiga kinanda katika nyumba ya kuandalia mazishi, yeye ambaye hata filimbi hajui. Twyla aliomba kuendesha mtambo wa kupasua mawe kwenye machimbo ya kokoto. Wiki iliyofuata akaomba kazi ya jiko la shule ya msingi, kwa kuwa tangazo lilitaka mtu aliyepika katika jiko la taasisi kwa miaka miwili, na yeye tangu azaliwe hajapikia taasisi yoyote. Aliona yuko salama.

Siku ya Jumanne jiko la shule likampigia simu.

"Umefanya nini, shoga?" Nadine alimuuliza, akiwa hoi kwa kicheko. "Hata kushindwa umeshindwa?"

Kutokwenda kungehesabiwa ni kukataa kazi. Twyla akavaa viatu vyake vyeusi vya mgahawani, akaenda akiwa na nia moja tu, nayo ni kukataliwa. Msimamizi wa jiko, Bi Roberta Lauck, alikuwa mwanamke mfupi mwenye wavu kichwani na kalamu iliyochomekwa kwenye wavu. Twyla alimweleza yote kwa mfululizo. Ana miaka hamsini na mitatu. Magoti mabovu. Anaongea sana. Hugombana na wapishi. Kwa taasisi hajapika hata siku moja.

Bi Lauck aliandika kitu. "Watoto mia mbili na sitini, dakika ishirini na tano. Umewahi kuona umati wa namna hiyo?"

"Jumapili ya Pasaka," Twyla alisema. "Wabaptisti na Wamethodisti wanaachiliwa saa sita kamili, wote."

"Wabaya zaidi ni akina nani?"

"Wabaptisti. Watu ishirini na wawili, na wote wanataka meza moja."

"Mimi ni Mbaptisti," Bi Lauck alisema, akacheka mpaka kalamu ikamtoka kichwani.

Kazi ilikuwa ya dola kumi na tatu na senti arobaini kwa saa. Ingeanza Jumatatu ya tarehe ishirini na nane, kwa kuwa shule ilitoa chakula cha mchana kwa watoto hata likizoni. Bima ya afya ipo. Mfuko wa uzeeni upo, na mtu akitimiza miaka kumi ana pensheni yake. Twyla aliuliza kama kila saa atakayofanya itaandikwa.

Bi Lauck hakulielewa swali. "Isipoandikwa utalipwaje?"

Twyla aliomba siku chache. Alikwenda kwenye gari lake, akafunga mlango, akalia. Hakujua analilia nini hasa. Wiki nzuri za mgahawani zilikuwa na fedha zaidi ya hizi. Siku ya Akina Mama peke yake aliwahi kurudi nyumbani na za wiki nzima. Na zaidi ya fedha, kwa miaka kumi na tisa kila meza ilipoinuka ilimwambia yeye ni mhudumu wa namna gani. Watoto wa shule hawaachi kitu mezani isipokuwa maganda. Atawapa viazi vya kuponda mia mbili na sitini na hakuna atakayejua kwamba ndiye Twyla wa meza ya nane.

Jioni hiyo alikwenda kwa Nadine, akamkuta barazani akikata vikonyo vya stroberi. Akamweleza yote. Halafu, kwa kuwa lilikuwa limemkaa moyoni tangu siku ya barua, akamwomba radhi kwa lile jina la Mtakatifu.

Nadine hakuinua macho. "Wewe ulidhani mimi naandika kwa sababu ya dini?"

"Sote tulidhani."

"Mama yangu alihudumia meza miaka thelathini na minne. Bakshishi hakuandika hata moja, alikuwa mjanja kama nyinyi. Alipozeeka, serikali ikafungua faili lake. Unajua waliona nini? Mwanamke aliyefanya kazi kidogo kidogo. Alikufa anakula vyakula vya kopo vya msaada wa kanisa, Twyla. Mikono ile iliyolisha mji mzima. Nikaapa karatasi yangu haitanisaliti."

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia. Mlikuwa mnacheka."

Twyla aliokota kisu cha pili, wakakata stroberi wote wawili. Alikuwa akihesabu kwa vidole vya miguu ndani ya viatu. Hamsini na mitatu na kumi ni sitini na mitatu. Mpaka jioni ile alidhani suala ni kuvuka Julai. Sasa aliuona uzee wake mwenyewe umekaa pale barazani, una kopo mkononi, na akaogopa kweli kweli.

Ijumaa alimpigia Bi Lauck, akakubali.

Angeweza kumtumia Delmar ujumbe wa simu. Alijiambia hilo lingekuwa haki yake. Lakini Jumapili, watu walipotoka kanisani, alikwenda mwenyewe, akapita chini ya ule ubao na kukaa meza ya nane kama mteja. Mgahawa ulikuwa umefurika. Wahudumu walikuwa wawili, mmoja wao binti wa chuo aliyekuwa akibeba sahani moja moja kwa mikono miwili, wa pili Delmar mwenyewe, na aproni, na uso mwekundu. Twyla aliagiza mkate wa nyama na kahawa. Kahawa ilikuja imepoa. Aliinywa hivyo hivyo, maana alijua ilikopitia.

Meza ya karibu naye walikaa watu kumi na wanne waliovaa nguo zao za ibada. Walimwagiza Delmar chumvi, akaileta, wakamwagiza barafu, akaileta, wakabadilisha pai mbili. Walipoinuka, kona ya noti ya dola ishirini ilikuwa imechungulia chini ya sahani. Twyla aliiona na akajua. Alitaka kumtahadharisha, lakini Delmar alishaiona naye, na usoni mwake ukapita ule uchangamfu mdogo ambao Twyla alikuwa ameubeba usoni mwake mwenyewe mara elfu. Akaivuta. Ilikuwa nusu noti. Upande wa pili ulikuwa mweupe, umechapwa maneno: Upo utajiri ulio bora kuliko huu. Mtafute Bwana leo.

Wahudumu wote wa Haskell wana rundo la karatasi hizo nyumbani. Delmar, aliyekuwa mwenye mgahawa tangu baba yake afariki, hakuwahi kuachiwa hata moja. Alisimama akiigeuza, mbele, nyuma, kana kwamba ile nusu nyingine imejificha.

"Wale ndio wa kila Jumapili," Twyla alimwambia. "Utawazoea."

Delmar alijitupa kwenye kiti kilichomkabili. Alisema ni heri Twyla anarudi kesho, kwa kuwa yeye magoti yamekwisha, na yule binti kesho kutwa ataacha. Twyla akamwambia harudi. Akamwambia kuhusu shule, na saa, na kiasi, ili asije akasikia kwa mtu mwingine.

Delmar aliiweka ile karatasi mezani. "Miaka kumi na tisa, na unaniacha kwenye hali hii?"

"Wewe uliniacha kwa ujumbe wa simu, Delmar. Mimi nimekuja."

Delmar alitazama nje, kule mlangoni, ambako mgongo wa ule ubao ulionekana kupitia kioo. Baadaye akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli, kama Twyla angerudi kwa dola nane.

"Mwezi uliopita ningekuja nikikimbia," Twyla alisema, na ilikuwa kweli, na kuisema kulimuuma.

Alilipa chakula chake. Kisha akatoa noti ya dola ishirini, nzima, pande zote mbili, akaiweka chini ya kisahani cha kahawa, palepale bakshishi inapowekwa. Chakula chenyewe hakikufika kumi na mbili.

"Nyingi mno hiyo," Delmar alisema.

"Umehudumia vizuri. Kahawa imepoa, lakini umehudumia vizuri." Akainuka, akachukua mkoba wake. "Ila leo jioni iandike yote."

Alipofika mlangoni aligeuka. Delmar alikuwa ameishika ile noti, ameikunja mara mbili kwa kidole gumba, haraka, bila kuitazama, na mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mfuko wa aproni.